Kibla ni kaskazini

Siku tuliyomzika nyanya yangu, mchimba kaburi alisimama ukingoni, akafuta jasho kwa kiganja, akauliza swali moja tu: "Kibla mumeishika?" Ami yangu akanyoosha mkono bila kusema neno. Mchimba kaburi akautazama mkono ule, akatazama mwanandani, ule uchongo wa ndani ya kaburi, aliouchonga tangu alfajiri, akaridhika. Nyanya akateremshwa. Kichwa kikalazwa upande wa matlai, miguu magharibi, ubavu wa kulia chini, uso kaskazini. Wakaifungua sanda kidogo, wakaliegemeza shavu lake kwenye donge la udongo. Kisha mbao, kisha majani, kisha mchanga.

Kwetu Mombasa nilikua nikidhani kibla, upande wa Kaaba ya Makkah tunaouelekea katika sala, na kaskazini ni kitu kimoja. Nyanya mwenyewe ndivyo alivyosema: chumba cha kibla, dirisha la kibla, upepo umegeuka unatoka kibla. Wazee wa baharini walikuwa na seti kamili ya maneno hayo. Kibla ni kaskazini. Suheli ni kusini, kwa jina la nyota ing'aayo upande huo. Matlai ni mashariki, na magharibi ndiko jua linakozama. Fundi alipoletwa kuchimba choo kipya, kabla ya kushika sururu aliuliza kibla iko wapi, maana mtu haelekei huko wala hakupi mgongo akiwa chooni. Kuku alipochinjwa alielekezwa huko. Mgonjwa alipozidiwa, kitanda kiligeuzwa. Mambo makubwa yote ya nyumbani kwetu yalikuwa na upande, na upande ulikuwa mmoja.

Sikujua kwamba ni bahati ya ramani. Makkah iko karibu nyuzi 39.8 mashariki ya mstari wa Greenwich. Mombasa iko 39.7, na Kilwa Kisiwani kiasi cha 39.5. Ukisimama kwenye ufuo wa Mombasa ukaanza kwenda kaskazini moja kwa moja bila kupinda, ukakata nyika ya Kenya, milima ya Ethiopia na Bahari ya Shamu, utatokea karibu na Makkah. Ndiyo maana neno la Kiarabu lenye maana ya "upande wa kuelekea" likawa kwetu jina la kaskazini, na hakuna aliyeona haja ya kulieleza.

Nilikuja kuyatafakari haya nilipojaliwa kwenda umra, nikafika Madina. Adhuhuri ya kwanza nilisimama katika safu nikiwa na uhakika wa mwili kwamba naelekea kaskazini, kama nilivyoelekea maisha yangu yote. Baada ya sala nikafungua dira kwenye simu. Sindano ikaniambia nilikuwa nimeelekea kusini. Nilidhani simu imeharibika. Halafu nikakumbuka Madina iko wapi: kaskazini ya Makkah, karibu kwenye mstari uleule wetu. Watu wa Madina husali wakiangalia kusini. Sisi wa pwani husali tukiangalia kaskazini. Kwa hiyo kila siku, mara tano, safu za Madina na safu za Mombasa zinaangaliana, Kaaba ikiwa katikati. Nilikaa chini kwenye zulia nikashindwa kuondoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma historia ya Uislamu kwa kuuliza swali la mchimba kaburi. Watu hawa wameelekea wapi, na waliijuaje kibla yao?

Mwanzoni kabisa, hawakuelekea Makkah. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alizaliwa Makkah kiasi cha mwaka 570, akaanza kupokea wahyi katika pango la Hira mwaka 610, na kwa miaka kumi na mitatu akalingania katika mji uliomkataa. Wito wake ulikuwa mfupi na mzito: Mungu ni mmoja, hana mshirika, na kila mtu atasimama mbele Yake kuhesabiwa, mwenye ngamia mia na asiye na hata kandambili. Wakubwa wa Makkah walielewa vizuri maana yake kwa biashara ya masanamu na kwa heshima ya koo zao. Wafuasi wanyonge waliteswa. Bilal, mtumwa mwenye asili ya Habasha, upande wa Ethiopia ya leo, alilazwa kwenye mchanga wa moto na jiwe kifuani.

Kiasi cha mwaka 615 kundi la Waislamu likavuka bahari kwenda Habasha kuomba hifadhi. Jaafar bin Abi Talib akamsomea mfalme Najashi, aliyekuwa Mkristo, aya za Surat Maryam, na mfalme akakataa kuwarudisha. Hapa huwa nasimama kidogo. Hijra ya kwanza katika Uislamu ilikuwa kuja Afrika, miaka saba kabla ya ile ya Madina ambayo kalenda yetu inaanzia hapo. Dini hii ilipata hifadhi katika bara letu kabla haijapata dola popote.

Mwaka 622 Mtume akahamia Madina. Huko Waislamu walisali wakielekea Jerusalem, yaani kaskazini, kwa miezi kumi na sita au kumi na saba. Kisha, mwaka wa pili wa Hijra, ikateremka amri ya kugeukia Kaaba. Hadithi ya Ibn Umar, sahaba wa Mtume, inaeleza ilivyowafikia watu wa Quba, kitongoji cha Madina. Walikuwa katikati ya sala ya alfajiri, giza halijapambazuka, nyuso zao upande wa Sham, iliko Jerusalem. Akaja mtu akawaambia kwamba usiku ule Mtume ameteremshiwa Kurani na ameamrishwa kuelekea Kaaba, basi elekeeni. Wakageuka humohumo ndani ya sala.

Jaribu kulipiga picha jambo hilo. Kutoka kaskazini hadi kusini ni kugeuka nusu duara nzima. Safu ya mbele inakuwa ya nyuma. Imamu anajikuta yuko mkiani, inabidi apite aende upande wa pili. Watu wanapishana gizani, magoti, mabega, mikono, na hakuna anayeikata sala. Na walichokigeukia kilikuwa nini? Nyumba ambayo, kwa imani yetu, Ibrahim na Ismail waliijenga kwa ajili ya Mungu mmoja, lakini mwaka ule bado ilikuwa imejaa masanamu, ndani ya mji uliowafukuza na ulioandaa kuwapiga vita. Haikusafishwa mpaka Makkah ilipofunguliwa mwaka 630. Waligeukia kitu kama kinavyopaswa kuwa, kabla hakijawa hivyo.

Mjadala ulikuwa mkubwa Madina. Watu wakawa wanabishana pande. Na katika sura ileile ya Al-Baqara, baada ya aya za kibla, ikaja aya ya 177, ambayo kwangu ni muhtasari wa dini yote. Maana yake ni kwamba wema hauko katika kuelekeza nyuso mashariki au magharibi. Wema ni kumwamini Mwenyezi Mungu, Siku ya Mwisho, malaika, Kitabu na manabii. Ni kutoa mali, ingawa mtu anaipenda, kuwapa jamaa, mayatima, maskini, msafiri aliyekwama, waombaji, na kuwakomboa watumwa. Ni kusimamisha sala na kutoa zaka, kutimiza ahadi, na kusubiri katika shida na vita. Nyanya aliisoma aya hii kwa Kiarabu tangu utoto wake chuoni, kwa sauti nzuri na bila kukosea irabu. Maana yake aliipata ukubwani, katika darsa za Kiswahili, baada ya tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy kutoka mwaka 1969. Aliniambia aliposikia lile neno la watumwa alinyamaza kutwa. Nitalirudia.

Mtume alifariki mwaka 632. Ndani ya miaka mia iliyofuata, majeshi ya Waislamu yalikuwa yamechukua Sham, Misri na Uajemi, yamevuka na Tariq bin Ziyad kuingia Hispania mwaka 711, na upande wa pili yamefika Sindh, katika Pakistan ya leo. Ni majeshi, na ni vita, na sioni faida ya kulizungukazunguka hilo. Lakini watu wengi huchanganya mambo mawili hapa, wanaopenda Uislamu na wasioupenda. Dola ilienea haraka. Dini ilienea polepole. Misri ilitawaliwa na Waislamu tangu miaka ya 640, na bado kwa karne kadhaa Wakristo wake walikuwa wengi kuliko Waislamu, wakilipa jizya, kodi ya wasio Waislamu, na kusali makanisani mwao. Watu waliingia kidogo kidogo: kwa ndoa, kwa kutaka nafasi serikalini, kwa kukwepa kodi, kwa kumpenda shehe fulani, kwa kusoma na kuridhika. Nia zilichanganyika, kama nia za wanadamu zilivyo siku zote.

Na kila walipofika, tatizo lilikuwa lilelile la kibla. Msikiti mkuu wa Córdoba, ulioanza kujengwa mwaka 785 kwa amri ya Abd al-Rahman wa Kwanza, umeelekea upande wa kusini, ilhali Makkah iko mashariki yake. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba mwenyewe alikuwa mkimbizi kutoka Sham, na Sham kibla ni kusini. Ikiwa ndivyo, namwelewa kabisa. Mimi pia nilibeba kaskazini yangu mpaka Madina.

Wengine hawakuridhika na mazoea. Al-Biruni, mwanazuoni wa nyota na hesabu aliyezaliwa Khwarazm, Asia ya Kati, mwaka 973, aliandika kitabu kizima cha kutafuta mahali halisi pa miji duniani, na moja ya shabaha zake ilikuwa kuipata kibla ya mji wa Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Alipima urefu wa jua, akakokotoa umbali kati ya miji, akatumia hesabu za pembe juu ya tufe, maana alijua vizuri kwamba dunia ni mviringo. Nikifikiria elimu ya nyota iliyositawi Baghdad, Cairo na Samarkand, naona kwamba sehemu yake ilisukumwa na mtu anayetaka kujua, kabla ya sala, asimame vipi.

Kuna kisa cha juzijuzi ninachokipenda sana. Mwaka 2010, Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa kwamba kibla ya nchi hiyo ni magharibi. Miezi michache baadaye, baada ya kukaa na wataalamu wa nyota, likasahihisha: kibla ni kaskazini-magharibi. Waliokuwa wakielekea magharibi kabisa, wakaambiwa, walikuwa wanaielekea Somalia ya kusini na Kenya. Hawakuambiwa wabomoe misikiti, wazipindishe safu kidogo tu, na sala zao zilizopita hazikuwa na shaka. Mimi niliposoma habari ile nilikuwa nimeketi barazani Mombasa. Maelfu ya maili ya bahari, na kumbe ndugu zetu wa Java walikuwa wakituangalia sisi.

Java na Sumatra, kwa kweli, zingetosha kujibu hoja kwamba Uislamu ulienezwa kwa upanga. Hakuna jeshi la Kiarabu lililotua huko. Walitua wafanyabiashara na walimu, na mwishoni mwa karne ya 13 tayari kulikuwa na sultani Mwislamu Samudra Pasai, katika Sumatra, ambaye kaburi lake lina mwaka 1297. Afrika Magharibi ilikuwa hivyohivyo: chumvi, dhahabu, misafara ya jangwani, na mwisho Mansa Musa wa Mali akihiji mwaka 1324 na dhahabu iliyoshangaza Cairo. Leo Waarabu ni kiasi cha mtu mmoja kati ya Waislamu watano.

Kwetu dini ililetwa na upepo. Kaskazi huanza kuvuma kiasi cha Desemba, na majahazi ya Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi yakateremka nao. Kusi hupanda kuanzia Aprili na kuyarudisha. Mfanyabiashara aliyechelewa alilazimika kukaa miezi, na mtu akikaa miezi husali, huoa, hufundisha watoto. Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta misikiti midogo imejengwa mmoja juu ya mwingine mahali palepale. Ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti na udongo, ya juu ikawa ya mawe ya matumbawe. Nauona humo mwendo mzima: kikundi kidogo cha watu wanaotosha chumba kimoja, watoto wao wakaongezeka, wajukuu wakajenga kwa mawe. Kizimkazi Dimbani, kusini ya Unguja, ukuta wa mihrabu una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107. Niliwahi kusimama mbele yake. Herufi zimechongwa ndani ya tumbawe, ncha zake zimesukwa kama ukili. Nililiweka paji la uso wangu chini ya maandishi yale nikielekea ilikoelekea mikono ya aliyeyachonga.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipita pwani hii. Kuhusu Kilwa aliandika mengi, na watu hunukuu hayo. Mimi hupenda maneno yake machache kuhusu Mombasa. Anasema misikiti yao ni ya mbao, imejengwa imara. Mlangoni mwa kila msikiti kuna kisima kimoja au viwili, na kata ya mti yenye mpini wa kuchotea maji. Watu hutembea pekupeku, kwa hiyo kila anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, kisha huipangusa kwenye kipande cha mkeka mnene. Ni habari ya miguu tu, lakini nimeuona mkeka huo. Msikiti wa mtaani kwetu ulikuwa na birika pembeni, mawe ya kukanyagia yaliyolainika kwa visigino vya watu, na mkeka uliolowa mlangoni. Karne saba zimepita na bado tunapangusa miguu.

Sasa lile neno lililomnyamazisha nyanya.

Dini ilipopanda bara katika karne ya 19, ilikwenda na misafara: Tabora, Ujiji, mpaka Kasongo huko Kongo. Kiswahili kilikwenda nayo, na leo Maniema, lilipo Kasongo, kuna Waislamu wanaosali na kuongea lugha hii kwa sababu hiyo. Lakini misafara ileile ilirudi pwani na pembe za ndovu na watu waliofungwa shingo kwa shingo. Wenye misafara walikuwa wakishuka njiani kusali. Waliijua kibla. Waliijua pia aya ya 177, au walau waliisoma, na ndani yake imo amri ya kutoa mali kuwakomboa watumwa. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliolazimishwa na Waingereza. Linaniuma kwamba halikufungwa na masheikh wetu, kwa hoja zetu wenyewe, miaka mia kabla. Nyanya alijua katika ukoo wetu kuna aliyenunua na kuna aliyenunuliwa, na sisi ni wajukuu wa wote wawili. Hakuwahi kuwataja majina mbele ya watoto.

Na bara hilohilo lilitoa watu ambao kwa imani walitutangulia sisi wa pwani. Uislamu ulifika ikulu ya Buganda mwaka 1844, wakati wa Kabaka Suna, kwa mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim. Mutesa, mwanawe, akafunga Ramadhani na kuamrisha watu wasali, ila hakutahiriwa. Baadaye walikuja walimu kutoka kaskazini, wakawaonyesha vijana wa ikulu kwamba msikiti wa Kabaka haukuelekea kibla sawasawa, na kwamba asiyetahiriwa hafai kuwa imamu wao. Vijana wakakataa kusali nyuma yake, wakakataa nyama yake. Mwaka 1876 makumi yao waliuawa Namugongo. Wengi duniani wanaijua Namugongo kwa mashahidi Wakristo wa miaka kumi baadaye, na wanastahili kukumbukwa. Hawa wa kwanza wanakumbukwa na wachache. Walikuwa vijana wadogo, na walimu wao wa kibla walikuwa wamewajua kwa muda mfupi tu.

Mara mbili kwa mwaka, kiasi cha tarehe 28 Mei na 16 Julai, jua husimama wima juu ya Kaaba, na Kaaba haina kivuli. Mwezi Mei ni saa sita na dakika 18 mchana, na saa za Makkah ni sawa na zetu. Popote duniani jua linapoonekana dakika ile, ukilielekea umeelekea kibla. Huhitaji dira wala simu.

Mwaka huu nilisimamisha kijiti uani, pale nyanya alipokuwa akianika nazi. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka tisa, alishika chaki. Kivuli kilikuwa kifupi, hakikufika nusu ya kijiti, kimelala upande wa suheli. Dakika ilipofika nikamwambia achore. Akachora mstari kutoka ncha ya kivuli hadi shina la kijiti, kisha akauendeleza mbele kwenye sakafu, akapita mlango wa jikoni, akafika ukuta wa chumba cha nyanya, dirisha la kibla. Akasimama hapo na chaki mkononi, akaniuliza kama apande ukutani au aishie hapo. Nikamwambia apande.